Wimbo Alioukimbiza Welile

Wimbo uliomfanya Welile Gqoboka ajulikane kutoka Cape Town hadi mpakani Limpopo, hakuweza kuupiga nyumbani kwake mwenyewe. Watu wa New Brighton, mtaa wetu wa Port Elizabeth, wanalijua hilo, ila wengi husimulia vibaya. Husema mkewe alimwonea wivu yule binti aliyeuimba. Uongo mtupu. Mimi nilikuwa mwimbaji wa bendi yao, na Nozibele, mkewe, alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta. Nitasema nilichokiona, na nisichokiona nitasema nani aliniambia.

Welile alijifunzia kanisani, kwa Wamethodisti, kwenye kinanda kile cha kukanyaga kwa miguu. Mama yake ndiye aliyekuwa akifagia kanisa, kwa hiyo Jumamosi mtoto alibaki na kinanda peke yake. Kufika ujana alikuwa amekwisha kuziiba tenzi zote na kuzipinda: mkono wa kulia unamwimbia Mungu, wa kushoto unatembea kama mlevi mwenye adabu zake. Mchungaji alimfukuza kwenye kinanda na kumrudisha, akamfukuza tena na kumrudisha, maana bila yeye akina mama wa maombi ya Alhamisi waliimba kila mmoja na njia yake.

Alipokuwa mtu mzima alipaka rangi milango kwenye kiwanda cha magari siku za kazi, na Jumapili alasiri alikuwa wetu. Bendi yetu tuliiita Wajumbe. Kiongozi alikuwa mzee wa saksafoni, Fikile Sontange, ambaye sote tulimwita kwa jina la ukoo wake, Tolo. Welile naye tulimwita Gatyeni, kwa ukoo wake. Mimi waliniita Thami tu, kwa sababu mwanamke anayeimba na wanaume ukoo wake husahaulika.

Siku hizo jazi kwetu haikuwa muziki wa kurukia. Watu walikuja ukumbini wamevaa: wanaume na suti na viatu vya rangi mbili, wanawake na bereti zilizolazwa upande. Wanakaa, wanasikiliza. Ukianza soga wakati saksafoni inaongea, mtu wa nyuma atakugusa bega akuambie taratibu, "Dada, kama una kesi nenda polisi, hapa tunasikiliza." Piano ya ukumbi ilikuwa kuukuu, baadhi ya vibao vyake vimekufa kabisa, ukivibonyeza havisemi kitu. Wapigaji wa miji mingine walijikwaa hapo wakatoka jasho. Welile alivikwepa bila kutazama. Ukimsifu alisema, "Mbwa wa kwako unajua anapong'ata."

Yeye na Nozibele walikuwa na mtoto mmoja, msichana, Lindeka. Kila jioni baba yake akitoka kiwandani mtoto alikuwa ananing'inia kwenye geti la waya, na akimwona anatokea kwenye kona alimwita: "Ta-ta, wee," yaani baba. Sauti mbili za chini na ya tatu inapanda, kama mtu anayeuliza swali. Mtaa mzima tulijua kwa sauti hiyo kwamba watu wa kiwandani wametoka, tukaweka sufuria jikoni.

Juni ya mwaka wa sabini na nane, majira yetu ya baridi, homa ya uti wa mgongo ilimchukua Lindeka kabla mama yake hajamaliza kufua shuka alizotapikia.

Baada ya mazishi Welile hakugusa piano. Alikuja kwenye mazoezi akakaa na sisi, akasikiliza, akaondoka. Hatukumlazimisha. Halafu Jumapili moja aliingia ukumbini watu wamejaa, akakaa kwenye piano bila kumsalimu mtu, akaanza. Sauti mbili za chini na ya tatu inapanda. Akairudia, na mkono wa kushoto ukaja polepole sana kama mtu anayetembea kuelekea nyumbani na hataki kufika. Tolo alishusha saksafoni yake akaiweka magotini. Mpiga besi alitafuta pa kuingilia, akaacha. Mimi sikuimba, maneno hayakuwapo wala sikuyatafuta. Nozibele alikuwa kiti cha mbele na nguo zake nyeusi, mikono mapajani, analia bila kujifuta.

Tulipotoka nje alimsogelea Tolo akamwambia, "Huu wimbo naomba msiupige ovyo. Muupige mwezi wa Juni, mwezi wake. Miezi mingine mtoto apumzike."

Tolo alivua kofia akakubali. Na ndivyo ilivyokuwa. Hata watu wa ukumbini walijua: ikifika Juni watu walikuja wengi kuliko siku zote, wakimaliza kuusikia waliondoka kimya bila kupiga makofi. Haukuwa na jina. Tuliuita "ule wa Lindeka".

Miaka ikapita. Kiwanda kikapunguza watu, na Welile alikuwa mmoja wao. Wakati huohuo baa za mtaani zikaanza kununua maspika makubwa na kuweka disko. Vijana hawakutaka tena kukaa kwenye viti wakisikiliza wazee. Ukumbi wetu ukawa na safu mbili za watu, halafu moja, halafu wake zetu. Welile alikuwa akikaa dirishani tangu asubuhi, anapiga vidole kwenye ubao wa dirisha.

Pasaka ya themanini na nne alikuja mtu mmoja kutoka Johannesburg, Stanley Ratlou, amekuja arusini kwa binamu yake, mtaa wa Kwazakhele. Kazi yake ilikuwa kutengeneza santuri za muziki ule mpya, ambao magazeti ya mjini yaliuita muziki wa bablishi: unatafuna, utamu ukiisha unatema. Alimsikia Welile arusini hapo akimpigia bibi arusi, na kabla nyama haijaiva alikuwa amemshika bega. Alimwambia mtu mwenye vidole kama vile kuendelea kukaa Port Elizabeth ni dhambi. Mimi pia nilijisogeza, sitaficha. Niliimba beti mbili. Stanley alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Mama, sauti unayo. Lakini santuri ina picha mbele." Basi nikarudi kwenye sufuria za arusi.

Jioni yake tulikaa jikoni kwa Welile: Tolo, mimi na wenyeji. Nozibele alitupakulia mahindi ya kupondwa na maharage. Tolo hakuwa na haraka ya kula.

"Gatyeni, kwa hiyo unakwenda kupiga kinanda cha plagi," alisema. "Umeme ukikatika utafanya nini? Utapiga mluzi?"

"Kule umeme ukikatika, Tolo, mtu anakuja kuutengeneza. Hapa ukumbi ulikatika siku nyingi, na sisi tumekaa gizani tunajiita wasanii."

"Mimi sijiiti. Mimi ninapiga."

"Unawapigia nani?"

Tolo alianza kula ili asijibu. Nozibele ndiye aliyemaliza mazungumzo. Alikuwa bado amesimama na mwiko mkononi. "Nenda, Baba Lindeka," alisema. "Humu ndani ninaishi na wanaume wawili, wewe na huzuni yako, na nyote wawili hamfanyi kazi. Nenda kapige hicho cha plagi."

Nalitaja hili kwa sababu baadaye watu walisema alikimbia mke. Mke ndiye aliyemfungia sanduku.

Juni ile tulipiga wimbo wa Lindeka bila piano. Tolo aliupiga peke yake na saksafoni. Welile hakuja. Alituma salamu kwa simu ya duka la kona kwamba studio haimwachii.

Alikuja Julai, siku chache tu, na hatukumtambua. Nywele alikuwa ameziweka dawa, zinang'aa vikunjo vikunjo, mafuta yanadondokea kola. Koti lina mabega mapana hata kwenye mlango wangu aliingia upande upande. Watoto walimfuata mtaani. Lakini msidhani alikuwa amejilazimisha. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo lililomuudhi Tolo. Alikuja na kinanda kidogo cha umeme, akakiweka juu ya meza yangu ya kulia, akatuonyesha jinsi kinavyotoa sauti ya tarumbeta, ya kengele, ya watu wanaoimba.

"Mnadhani ni rahisi," alimwambia Tolo. "Wewe nakupa dakika kumi na tano useme neno lako. Mimi napewa sauti nne. Nne tu, na mtoto wa Mafikeng aliyezisikia mara moja dukani azikumbuke mpaka kwao. Jaribu."

Tolo alisema yeye hana neno la kumwambia mtoto wa Mafikeng. Welile alicheka. Nami nilicheka, na moyoni niliona kwamba yule mtu ana haki. Nyimbo mbili tatu alizokuwa amezitengeneza zilikuwa nzuri. Zilikuwa nyepesi, ndiyo, lakini mkate mwepesi nao una mwokaji wake.

Kilichotokea studio mwezi uliofuata aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwa hiyo ninakisema kama alivyokisema. Stanley alikuwa na mwimbaji wake, binti ambaye alimpa jina la Shushu, yaani moto. Santuri yake ilikuwa karibu kukamilika, imebaki nafasi ya wimbo mmoja. Siku nzima Welile alipiga hiki, Stanley akakataa. Akapiga kile, akakataa tena. Binti amelala kwenye kochi na viatu vyake, kila mtu amechoka. Stanley akatoka kwenda kununua chakula. Welile akabaki kwenye kinanda na mawazo yake, na vidole vikaenda vilikozoea. Sauti mbili za chini na ya tatu inapanda.

Stanley alikuwa mlangoni na mfuko wa samaki. "Hiyo," akasema.

"Hiyo hapana."

"Kwa nini? Ya nani?"

Hapo, Welile aliniambia, palikuwa na nafasi. Angesema ya marehemu mwanangu, na Stanley hakuwa mnyama, angeiacha. Lakini alisema, "Ya kwangu."

"Basi kama ni ya kwako tatizo nini? Ikimbize."

Akaikimbiza. Akaweka mashine ya ngoma chini yake, akaipandisha, na aliniambia kwamba ilipokimbia ilikuwa nzuri ajabu, yenyewe ilitaka kukimbia. Stanley aliuliza sauti hizo zinasema nini, maana zinasikika kama mtu anaita. Na Welile akamwambia. Hakumwambia yote, alimwambia tu kwamba ni mtu anayeita getini mwenzake akirudi nyumbani. Kabla samaki hajaisha Stanley alikuwa ameandika maneno: binti yuko getini, anamwita mpenzi wake, fungua baby, fungua, usiniache nje. Wakauita "Getini".

Septemba mimi na Nozibele tulikuwa jikoni kwake tukisafisha utumbo wa kondoo kwa ajili ya karamu ya chai ya akina mama wa kanisani. Redio ilikuwa juu ya kabati. Mtangazaji akataja jina la Shushu na Nozibele akaongeza sauti, kwa sababu alijua mumewe yumo. Wimbo ukaanza. Kisu chake kikasimama ndani ya maji.

Alisikiliza mpaka kiitikio kikaja mara ya pili. Halafu akaniuliza bila kugeuka, "Thami, ni mimi ninayechanganyikiwa?"

"Hapana."

"Ni wenyewe?"

"Ni wenyewe, Nozi."

Alijikausha mikono kwa aproni, kidole kwa kidole, akaizima redio. Akarudi kwenye utumbo. Lakini redio ya nyumba ya pili ilikuwa wazi kituo hichohicho, na ile ya ng'ambo ya barabara, na wimbo ukaendelea kutufikia kupitia dirishani mpaka ukaisha. Nilipoondoka alikuwa bado anakisugua kipande kilekile kilichokuwa kimekwisha kutakata zamani.

Wiki chache baadaye wasichana walikuwa wanaruka kamba kwa wimbo ule barabarani kwetu. Mwenye duka aliupiga tangu kufungua hadi kufunga. Arusi zote ziliingiza bibi arusi kwa "Getini", watu wanapiga hatua mbili mbele na moja nyuma, mkono hewani kama wanaofungua mlango. Nozibele alikuwa akipita katikati ya yote hayo kwenda kanisani na blauzi yake nyekundu ya maombi ya Alhamisi. Wanawake wenzake walimpongeza. Alisema asante. Tolo alikuja kwake mara moja tu, akakaa, akanywa chai akaondoka. Mwaka mzima hakulitaja jina la Welile.

Krismasi Welile alirudi. Alirudi na gari, la Stanley au lake sijui, na redio ya kaseti kubwa kama sanduku la nguo, na gauni la Nozibele la rangi ya zambarau. Aliniambia baadaye kwamba njia nzima alikuwa akijiambia kwamba mkewe hatautambua wimbo. Umekimbia mno, una maneno mengine, una kengele na tarumbeta, na Nozibele si mtu wa muziki. Kweli mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.

Walichinja kondoo. Mtaa wote ulikuwa uani, viti vimeazimwa kanisani, pombe ya mtama imejaa kwenye pipa. Jua la Desemba lilikuwa kali, na upepo wetu ule wa Port Elizabeth unapeperusha vitambaa vya meza. Nozibele alikuwa amevaa gauni la zambarau. Alipakulia watu, alicheka na wazee, hata mimi nikajidanganya kwamba yamepita. Kisha vijana wakadai wimbo. Welile akasema, "Baadaye, tuleni kwanza." Wakadai tena. Mpwa wake mmoja hakungoja, alibonyeza redio.

Sauti mbili za chini na ya tatu inapanda, na ngoma za mashine zikaingia, na vijana wakasimama.

Nozibele akaweka chini bakuli. Akaingia katikati. Akacheza. Mwanamke ambaye tangu mazishi yale hakuwahi kunyanyua mguu kwenye sherehe yoyote alicheza hatua zote, mbili mbele na moja nyuma, mkono hewani, alizijua vizuri kuliko wasichana, alikuwa amewatazama dirishani miezi yote ile. Watu walishangilia. Wakampisha duara. Alicheza akiwa amemkazia macho mumewe, haonyeshi hasira, uso mtupu kama sahani. Kiitikio kilipokuja aliimba kwa sauti, fungua baby, fungua.

Welile alisimama akaenda kwenye redio akaizima.

Watu walinung'unika. Nozibele alibaki pale katikati, kifua kinapanda na kushuka.

"Kwa nini unaizima, Baba Lindeka?" alisema. "Watu wanacheza. Mtoto wako anakuita."

Wageni wengine hawakuelewa. Walioelewa walitazama vikombe vyao. Nozibele aliokota bakuli lake akaendelea kupakulia nyama, akihakikisha kila mtu amepata, na watu walikula kwa sababu hawakujua la kufanya isipokuwa kula.

Ndani ya nyumba walizungumza siku mbili, nikisikia sauti bila maneno, na zaidi ilikuwa sauti yake Welile. Nozibele aliniambia mwenyewe kwamba alimpa sharti moja: humu ndani wimbo ule usisikike tena, wala wa polepole wala wa haraka. Hata Juni. "Umeutoa nje," alimwambia. "Ukae hukohuko."

Mwaka uliofuata hakukuwa na mtu mwenye nafasi ya kuwahurumia. Wanajeshi wa serikali ya makaburu waliingia mitaa yetu na magari yao ya chuma. Kila Jumamosi tulikuwa na mazishi ya vijana. Tuligoma kununua madukani kwa Wazungu mjini, tukala tulichokuwa nacho. Katika hali hiyo akina Stanley walipanga tamasha la Shushu kwenye uwanja wetu, na bango lina jina la Welile kwa herufi kubwa: mwana wa nyumbani. Vijana wa mtaa walimwendea Welile. Hawakumtukana. Walimwambia, "Tata, watu wanazikwa hapa, na wewe unakuja kuwaambia wafungue geti. Rudi ulikotoka." Akarudi Johannesburg.

Kule, aliniambia baadaye, mambo nayo yalikuwa yamegeuka. Santuri ya pili ya Shushu haikwenda popote. Walijaribu kukimbiza wimbo mwingine na haukutaka kukimbia. Stanley alimpata kijana mwenye mashine inayopiga besi, ngoma na kinanda vyote pamoja, na ambaye hakuhitaji kulala hotelini. Hakumfukuza Welile, aliacha tu kumwita. Kwa muda Welile alipiga kwenye baa za Hillbrow, hukohuko Johannesburg, nyuma ya waimbaji wa kila aina, baadaye baa nazo zikaweka mashine.

Aliporudi New Brighton nyumba ilikuwa imefungwa. Nozibele alikuwa amekwenda kwa dada yake, Peddie, kijijini. Ufunguo aliuacha kwangu. Hakuacha ujumbe. Nilimpa Welile ufunguo, akauliza alikwenda lini, nikamwambia, akaingia akaanza kufagia.

Alikaa hivyo mpaka siku moja akamwendea Tolo. Wajumbe tulikuwa bado tunapiga, wazee wote, na kijana mmoja wa besi. Sijui Welile alisema nini huko. Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata Tolo alikuja mazoezini akasema, "Gatyeni anarudi. Atakayefungua mdomo nitampiga na saksafoni." Hakuna aliyefungua mdomo. Welile alikaa kwenye piano yetu kuukuu, na mara ya kwanza vile vibao vilivyokufa vilimkamata. Mara ya pili alivikwepa.

Tulimtangaza. Ukumbi ulijaa kama zamani, hata zaidi, na nilipochungulia kabla ya kuanza nilifurahi, kisha nikaona ni watu gani. Walikuwa vijana, waliokuwa wakiruka kamba miaka ile. Tulipiga nyimbo za mwanzo, wakatuvumilia. Katikati mmoja akapiga kelele, "Getini!" Mwingine akadakia. Kisha wakaanza kupiga makofi kwa pamoja, wote, wanadai. Kijana wa besi akamtazama Tolo, Tolo akamtazama Welile.

Nilikuwa nimesimama karibu na piano. Welile aliinamisha kichwa, akaanza. Aliupiga ule wa kwanza. Polepole, kama siku ile, mkono wa kushoto unatembea kuelekea nyumbani. Ulikuwa mwezi wa Juni, nadhani aliuchagua, sikuwahi kumuuliza. Tolo akashusha saksafoni yake.

Halafu msichana mmoja wa nyuma akautambua, akacheka kwa furaha, akaanza kuimba juu yake: fungua baby. Wakamfuata. Ukumbi mzima ukaimba yale maneno, polepole, wakiyavuta kwa utani kama watu waliolewa, mikono hewani inafungua geti, makofi yanasukuma mbele, yanamtaka akimbie. Hawakuwa na ubaya wowote. Walimpenda. Niliona vidole vyake vinajaribu kuushika mwendo ule wa kwanza, na makofi yanamvuta, vinashika, vinavutwa. Akasimama katikati ya mstari. Akashusha kifuniko cha piano kwa mikono miwili, taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Wakamshangilia. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Hakupiga na sisi tena. Alipata kazi kwenye duka la samani mjini lililouza pia vinanda vya umeme. Alivaa shati jeupe na tai, anawaonyesha wateja kitufe cha tarumbeta na kitufe cha kengele, na wakiuliza kama yeye mwenyewe anapiga, alisema kidogo. Alikaa hapo mpaka uhuru ukaja na ukazoeleka, duka likafungwa, akabaki na pensheni ya wazee. Stanley alifariki. Shushu ni mhubiri sasa, nasikia ana kanisa lake.

Nozibele alifia Peddie. Dada yake alinipigia simu, akasema mwambie na yule kama atataka. Tulikwenda pamoja kwa teksi ya abiria, mimi na Welile, na suti yake iliyokuwa imemzidi. Kule kaka wa marehemu alimpokea vizuri, akamwonyesha pa kukaa, pamoja na wanaume wa jirani, si kwenye viti vya familia. Alikaa hapo. Kwaya ya akina mama wenye blauzi nyekundu iliimba bila kinanda, kila mmoja na njia yake, na hakuna aliyemwomba lolote. Alitupa udongo wake kama wengine. Akapewa nyama kwenye sinia la wanaume wa jirani, akala.

Tukiwa njiani kurudi alikaa dirishani. Mimi nilikuwa nimekwenda Peddie mara nyingi miaka ile kumtembelea Nozibele, na alijua.

"Thami," aliniuliza, "alikuwa anasema nini kunihusu?"

Ningeweza kutunga. Tulikuwa wazee, nani angenilaumu? Lakini nilimwona anavyongoja, nikajua hata jambo baya lingemtosha, alikuwa tayari hata kwa tusi.

"Hakukutaja, Gatyeni," nilimwambia. "Hata siku moja."

Alitikisa kichwa kukubali. Tulipofika Grahamstown dereva alisimama watu wanunue chakula. Welile alishuka akapanga foleni na wengine, akarudi na maandazi ya moto kwenye karatasi, akanipa mimi kwanza.